Moyo wa Lidia na Swali la Mlinzi wa Gereza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Matendo ya Mitume sura ya 16, kuanzia mstari wa 6 hadi wa 34. Tusiiruke mistari ya mwanzo, maana habari ya kuokoka kwa Lidia inaanza kabla hajatajwa.

Inaanza na Paulo kuzuiwa. Alitaka kuhubiri Asia, yaani jimbo la Kirumi lililokuwa katika Uturuki ya leo, Roho Mtakatifu akamkataza. Akajaribu kwenda Bithinia, akazuiwa tena. Akateremka mpaka Troa, na usiku akaona katika maono mtu wa Makedonia amesimama akimsihi, "Vuka, uje Makedonia utusaidie." Wakapanda merikebu wakavuka bahari, wakafika Filipi, koloni la Warumi. Siku ya sabato wakatoka nje ya lango, wakaenda kando ya mto, wakaketi na kuzungumza na wanawake waliokuwa wamekusanyika pale.

Na mmoja wa wanawake hao ni nani? Ni Lidia, mwenye kuuza rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Sasa, Thiatira iko wapi? Iko Asia. Ndiyo hiyo Thiatira tunayoikuta katika Ufunuo 2, miongoni mwa makanisa saba ya Asia. Paulo amekatazwa kulihubiri neno katika Asia, kisha anavushwa bahari na kukutanishwa na mwanamke wa Asia aliyekuja Filipi kwa biashara yake. Paulo hakupanga hivyo, na Lidia hakujua lolote. Kila nikiisoma sura hii nasimama hapo kwanza, kabla hata sijafika kwenye mahubiri.

Luka, mwandishi wa Matendo, anaendelea kusema kwamba moyo wa Lidia "ukafunguliwa na Bwana, ayatunze maneno yaliyonenwa na Paulo." Kumbuka Lidia hakuwa mpagani aliyeokotwa njiani. Alikuwa mcha Mungu. Alishika sabato, alikwenda mahali pa sala, alisikiliza. Kama dini na bidii vingetosha kumfikisha mtu kwa Kristo, Lidia angekuwa amekwisha kufika. Bado moyo wake ulihitaji kufunguliwa, na aliyeufungua si ufasaha wa Paulo. Wanawake wengine walikuwepo pale pale wakisikia maneno yale yale, na Luka hatuelezi lolote juu yao.

Lakini mtazame Lidia baada ya hapo. Anayatunza maneno. Anabatizwa pamoja na nyumba yake. Anawashurutisha watumishi wa Mungu waje kukaa kwake, na mtu anayeshurutisha wenzake ana nia yake na sauti yake. Neema haikumfanya Lidia awe kitu cha kusukumwa. Alitaka kwa moyo wake wote, tena alitaka kwa sababu Bwana alikuwa ameufungua moyo huo.

Twende gerezani, huko huko Filipi. Paulo na mwenzake Sila wamepigwa kwa bakora, miguu imefungwa kwa mkatale, na usiku wa manane wanaomba na kumwimbia Mungu. Tetemeko linakuja, milango inafunguka, vifungo vya wote vinalegea. Mlinzi anaamka, anachomoa upanga ajiue. Huyu hakuwa mcha Mungu kama Lidia, wala hatuambiwi kwamba aliwahi kumtafuta Mungu. Jioni ile alikuwa amepokea amri na kuitekeleza, akalala. Sasa anatetemeka mbele ya wafungwa wake mwenyewe na kuuliza: "Yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?"

Sikia jibu. Paulo, ambaye ndiye aliyeandika Warumi 9 juu ya Mungu kuwachagua watu wake, hakumwambia, "Ngoja kwanza tuone kama Mungu amekuchagua." Hakumwambia arudi kulala hadi moyo wake ufunguliwe kama wa Lidia. Walimwambia, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Hiyo ni amri, na ndani yake mna ahadi, kwa mtu ambaye dakika chache zilizopita alikuwa ameshika upanga. Akaamini. Saa ile ile ya usiku akawaosha majeraha yao, akabatizwa yeye na watu wake wote.

Sura ni moja, mji ni mmoja, na mwandishi ni yule yule. Mstari wa 14 unasema Bwana alifungua moyo. Mstari wa 31 unasema mwamini. Luka haoni haya kuviweka pamoja, wala hasimami kueleza jinsi vinavyopatana. Miaka kadhaa baadaye Paulo, akiwa katika vifungo, aliliandikia kanisa hilo hilo lililokuwa likikutana nyumbani mwa Lidia: "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka. Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu" (Wafilipi 2:12-13). Angalia hilo "kwa maana". Kazi ya Mungu ndiyo sababu ya sisi kujitahidi. Wengi wetu tungeandika kinyume chake: Mungu anatenda, basi tulia.

Najua swali hili, kama wokovu unaanza na Mungu au na mwanadamu, limewatenganisha watu wa Mungu kwa karne nyingi. Pelagio alifundisha kwamba mwanadamu anaweza kumtii Mungu kwa uwezo wake wa asili. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, akampinga, na baraza la Karthago la mwaka 418 likayakataa mafundisho hayo. Mwaka 529 baraza la Orange likasema kwamba hata ule mwanzo wa imani, hata ile hamu ya kwanza ya kuamini, ni kipawa cha neema; na baraza hilo hilo likakataa kabisa wazo kwamba Mungu amewapangia watu kutenda maovu. Baadaye wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuipinga neema, walitoa hoja zao mwaka 1610, na sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa huko huko Uholanzi, ikawajibu mwaka 1618 na 1619. John Wesley na George Whitefield, wahubiri wa Uingereza, walikuwa marafiki, wakakosana hadharani juu ya uchaguzi wa Mungu. Lakini wote wawili waliendelea kusimama viwanjani wakiwasihi watu watubu, na Whitefield alipofariki mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri jijini London kwa ajili ya kumkumbuka. Mimi nimekwisha kusema ninavyoisoma sura ya 16: Mungu ndiye anayeanza. Ndugu anayelieleza jambo hili tofauti nami, lakini anamsihi mwenye dhambi aje kwa Kristo na kumshukuru Mungu kwa kila anayekuja, huyo tuko shambani pamoja.

Linaloniumiza zaidi ni jinsi tunavyoutumia ukweli mmoja kuukimbia mwingine.

Kuna mtu anayesema, "Siku yangu ikifika nitaokoka. Mungu akinipangia, nani atazuia?" Inasikika kama unyenyekevu. Lakini mtu huyo huyo hangojei Mungu ampangie kula. Akisikia njaa anakula. Yesu alimwambia mtu mwenye mkono uliopooza, "Nyosha mkono wako," yaani alimwagiza jambo ambalo mkono ule usingeweza. Mtu yule hakuomba apone kwanza ndipo anyoshe. Alinyosha, na nguvu ya kunyosha ilikuja pamoja na neno lililomwagiza. Mwenye dhambi naye hapewi kazi ya kuchungulia katika vitabu vya milele atafute jina lake. Anaambiwa mwamini.

Kuna pia mhubiri anayesahau nani anafungua mioyo. Huyo hesabu yake ni mikono iliyoinuliwa. Wasipojitokeza, anarefusha wimbo, anaongeza vitisho, anawatia watu aibu mpaka wanakuja mbele kwa kuchoka. Wanaongozwa sala ya toba, wanaandikwa majina, na mwezi unaofuata hawaonekani. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu wengine wao huondoka wakidhani wamekwisha kuujaribu wokovu na haukufanya kazi. Paulo alikaa chini akazungumza na wanawake. Alisema kweli yote, akasihi kwa machozi kama tunavyosoma mahali pengine, na akamwachia Bwana kazi ambayo hakuna mwanadamu anayeiweza.

Na wewe unayemwombea mume, mama, au mtoto aliyeacha njia, nawe umeanza kuchoka: kumwombea kwako tayari ni ushuhuda wa unachoamini. Hakuna anayepiga magoti na kusema, "Ee Bwana, usimguse moyo wake, mwache aamue peke yake." Tunaomba, "Mfungue moyo." Tukiwa magotini, sote tunaijua neema. Paulo alipomaliza kuandika juu ya uchaguzi wa Mungu katika Warumi 9, alianza sura ya 10 kwa kusema kwamba dua yake kwa Mungu kwa ajili ya Israeli ni waokolewe. Halafu akauliza wamsikieje pasipo mhubiri. Kwa hiyo omba, kisha nenda ukazungumze naye. Huko Korintho Bwana alimwambia Paulo, "nena, wala usinyamaze", na sababu aliyompa ni hii: "mimi nina watu wengi katika mji huu" (Matendo 18:9-10). Wengi wao walikuwa bado hawajaamini, naye Bwana akawaita watu wake. Paulo akakaa huko mwaka mmoja na miezi sita akiwafundisha.

Na kama unasoma haya na hujaokoka, na kuna kitu ndani kinakuvuta, usikae ukijiuliza kama mvuto huo ni wa Mungu kweli au ni huzuni tu ya wiki ngumu. Katika Yohana 6:37 Yesu alisema yote mawili kwa pumzi moja: "Wote anipao Baba watakuja kwangu, wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Sehemu ya kwanza ni ya Baba na Mwana, nao wataitimiza. Hiyo ya pili umepewa wewe. Mwite leo, kwa maneno yako mwenyewe, hapo ulipo.