Taa za rivasi zimewaka!

Jamani, nimetoka chini ya pikapu sasa hivi. Mikono bado ina grisi.

Taa za rivasi zilizokuja na gari ni hafifu mno. Usiku, ukiwa na mzigo, unarudi nyuma kwa kukisia.

Leo nimefunga taa mbili za LED chini ya bampa, wati 18 kila moja.

Waya wa zamani wa rivasi nimeuachia kazi moja tu, kuamsha rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo: unaingia pini yake ya 86, na 85 inaenda kwenye bodi. Umeme wa taa zenyewe unatoka kwenye betri, unapita fyuzi, unaingia pini 30 ya rilei na kutokea 87. Wati 36 kwa volti 12 ni ampea 3, kwa hiyo fyuzi ya ampea 5 inatosha.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Hapo sina mjadala. Waya ukichunika kabla ya fyuzi na kugusa bodi, gari linaweza kuungua.

Muda mwingi umeliwa na erthi, pale waya unapofungwa kwenye chuma cha gari: kukwangua rangi mpaka chuma king'ae, kukaza boliti, kupaka grisi kuzuia kutu.

Kisha nikaingiza rivasi.

Tik!

Mlio mdogo wa rilei, na ukuta wote nyuma ukawa mweupe. Nimeingiza na kutoa gia tena na tena, ili niusikie tu.

Sasa nataka swichi ya kuziwasha nikipakia mzigo, gari limesimama. Mliowahi kufunga, waya mliupitisha wapi kuingia ndani?