Petunia zangu na neno la Mama Mdogo

"Zimekwisha hizo, mwanangu. Ng'oa, upande kitu kingine."

Mama Mdogo alisema hivyo Jumapili iliyopita pale kibarazani, hata mkoba hajatua. Nikamjibu, "Sawa, mama," nikaingia ndani kuweka chai. Tangu hapo sauti yake haijanitoka. Nikiosha vyombo, zimekwisha hizo. Nikizima taa, zimekwisha hizo. Wiki hii uhamisho wa Baba Nuru umetoka, mabinti wamemaliza mitihani na gari limepata mnunuzi, ila mimi akili yangu iko kwenye vikapu vyangu vya kutundika, vyenye maua ya petunia.

Laiti angesema mtu mwingine! Mama Mdogo ndiye aliyenifundisha kuinua kikapu kidogo kwa kiganja: kikiwa chepesi, kina kiu. Ndiye aliyenionyesha kwamba kuchuma petali zilizonyauka hakutoshi. Nyuma yake kinabaki kifuko cha mbegu, kijani, kimechongoka, na mmea ukishaanza kulea mbegu hauhangaiki tena na maua. Ukate chini ya kifuko, kwenye kikonyo. Nafanya hivyo kila asubuhi, vidole vinanata kwa yale majani yenye vinyweleo. Na kwa kuwa udongo wa kikapu ni mchache, na maji ya kila siku yanachuja rutuba yote yakatokea chini, mbolea ya maji siikosi, kila baada ya wiki moja au mbili.

Alichokiona ni mashina marefu yaliyo wazi, maua yamebaki nchani tu. Petunia hufika hapo katikati ya msimu hata ikitunzwa vipi. Dawa yake ni mkasi.

Jumatatu nikaushika. Nilikata mashina kwa zamu, moja nafupisha hadi nusu, la jirani naliacha, kikapu kisibaki kipara. Nikamwagilia polepole mpaka maji yakatona chini.

Leo asubuhi nimeinama kuangalia. Pale jani linapoungana na shina, chini kidogo ya nilipokata, kuna vichipukizi viwili, vidogo kuliko punje ya mchele. Nilimwita Baba Nuru atoke na kikombe chake aje aone! Wiki mbili tatu hivi, maua yatarudi.

Hapo ndipo nilipomfikiria Mama Mdogo vingine. Yeye vikapu vyake alivishusha goti lilipoanza kumsumbua, maana hawezi tena kupanda kigoda. Huenda Jumapili hakuwa anazisema petunia zangu peke yake. Hasira imenitoka yote. Vikichanua nitampelekea kimoja, nikakitundike usawa wa kifua chake, pale anapofika akiwa amekaa.