Kesi ya mafuta huanzia kwenye fomu

Mafuta yakimwagika Delta ya Niger, watu hukimbilia wakili wakati karatasi yenye uzito kuliko zote imeshasainiwa. Ni fomu ya ukaguzi wa pamoja, maarufu kama JIV. Kampuni, wakala wa serikali NOSDRA na wawakilishi wa kijiji hukutana kwenye bomba, wakaandika chanzo, tarehe ya kuanza na kiasi.

Chanzo ndicho mtego. Kifungu cha 11(5) cha Sheria ya Mabomba ya Mafuta ya Nigeria kinampa fidia aliyeathiriwa na bomba lililopasuka au kuvuja, isipokuwa pale mtu mwingine alipoliharibu makusudi. Fomu ikishaandikwa “hujuma”, wanakijiji ndio watakaohangaika kuthibitisha kwamba kampuni ilizembea kulilinda au kulikarabati. Kwa hiyo lipige picha tundu kabla halijafungwa klampu, na rula pembeni. La drili ni duara lenye kingo safi. La kutu, ukuta wa chuma huwa umelika na kuwa mwembamba kulizunguka.

Halafu tarehe, maana kiasi hupatikana kwa kuzidisha mvujo wa siku moja kwa idadi ya siku. Mwagiko wa kwanza wa Bodo, Ogoni, mwaka 2008: wanakijiji walisema ulianza 28 Agosti, Shell ikasema 5 Oktoba, ulizibwa 7 Novemba. Siku 33 au zaidi ya 70? Fomu iliandika mapipa 1,640 kwa jumla. Wataalamu waliopitia video ya uvujaji ule walikadiria mapipa 1,440 hadi 4,320 kwa siku moja! Shell ilikubali kulipa pauni milioni 55 Januari 2015, kesi ikiwa London. Bila ile video, sijui wangebishana kwa kutumia nini. Basi usisaini fomu yenye nafasi tupu. Kama hukubaliani, andika pingamizi lako kwenye fomu, hapo juu ya saini yako, na nakala ichukue kabla boti haijaondoka.

Muda nao hausubiri. Katika kesi ya mwagiko wa 2011 kwenye Bonga, kisima cha Shell baharini Nigeria, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa mwaka 2023 hoja kwamba mafuta yakibaki shambani, kosa huzaliwa upya kila siku na muda wa kushtaki huanza upya nalo. Kwetu muda ni mfupi zaidi: Mahakama ya Afrika Mashariki inatoa miezi 2 tu ya kufungua shauri. Shauri la bomba la Hoima–Tanga lilitupwa Novemba 2023 kwa kuchelewa. Lilifunguliwa 2020, majaji walianza kuhesabu 2017, uliposainiwa mkataba wa Uganda na Tanzania.