Polistirini ndani ya viyeyushi: jihadhari na kilele cha 281 nm

Polistirini, plastiki (polima) ya minyororo mirefu iliyobeba pete za fenili, yaani pete za kaboni sita, ikimulikwa kwa 260 nm hung'aa kwa namna mbili. Karibu na 285 nm ni mng'ao wa pete moja ya fenili. Karibu na 330 nm, mpana zaidi, ni wa eksima, yaani pete mbili zilizolaliana uso kwa uso, moja ikiwa imesisimka. Uwiano wa vilele hivi ndio unaoeleza kiyeyushi kimeufanya nini mnyororo wa polima. Kiyeyushi kizito, yaani kinachotiririka polepole, kwa mfano, huchelewesha pete kugeukiana, na eksima hupungua.

Kabla ya yote, pima kiyeyushi kitupu. Vifungo vyake vya kaboni na hidrojeni hutawanya mwanga kwa namna ya Raman, yaani mwanga hurudi ukiwa na urefu wa wimbi ulioongezeka, na kwa 260 nm mtawanyiko huo huangukia takriban 281 nm, karibu kabisa na kilele cha pete moja! Ukiwa na shaka, mulika kwa 255 nm. Kilele cha Raman kitahamia 275 hivi, cha polima kitabaki palepale.

Tolueni huyeyusha polistirini vizuri sana, ila haifai hapa kwa sababu nayo ina pete, hufyonza 260 nm na kung'aa yenyewe. Asetoni hufyonza karibu kila kitu chini ya 330 nm. Mimi napendelea tetrahidrofurani isiyotiwa BHT, kihifadhi cha kuzuia peroksidi, kwani hufyonza karibu na 280 nm. Bila BHT, peroksidi, ambazo zaweza kulipuka, hujijenga haraka: tumia chupa mpya, wala usiikaushe hadi mwisho. Sikloheksani nayo ni safi, lakini kishikio cha kyuveti (kichupa cha sampuli) kiwe na joto la 40 °C; chini ya 34.5 °C minyororo hujikunja, na ile mirefu huanza kujitenga.

Miligramu 5 katika mililita 100 hutoa ufyonzaji wa karibu 0.1 kwenye kyuveti ya sentimita 1. Ukizidisha, mwanga huishia ukingoni kabla ya kufika katikati, mahali kigunduzi kinapotazama. Kyuveti iwe ya kwatzi. Nyingi za plastiki ni polistirini yenyewe na zitayeyuka.

Polima iondolewe stirini iliyosalia, yaani molekuli ndogo ambazo hazikuungana kuwa mnyororo, kwa kuiyeyusha na kuimimina ndani ya methanoli ili ijitenge kama yabisi, mara tatu. Mwisho, fukuza oksijeni, maana huzima mng'ao: pitisha nitrojeni dakika 15, ipite kwanza ndani ya chupa yenye kiyeyushi kilekile ili ibebe mvuke wake, la sivyo sampuli itakauka na kukolea.