Sauti kwanza, mng'aro baadaye

Leo mrija mkuu wa kulinganishia sauti wa tarumbeta langu la zamani umekubali kutoka. Ulikuwa umegandana kabisa na mrija unaoushika, na palepale kwenye pindo palikuwa na alama za meno ya koleo, ishara kwamba kuna mtu aliwahi kuujaribu kwa mabavu. Shaba ya tarumbeta haitaki mabavu. Unene wake ni kama nusu milimita tu, kwa hiyo ukiikamata kwa chuma itabonyea kabla ya kulegea. Nilitia mafuta mepesi ya kulegeza kutu kwenye maungio, nikayaacha yajipenyeze usiku kucha, nikaupasha moto mrija wa nje ili utanuke, kisha nikapitisha kitambaa imara kwenye pindo na kuvuta kwa mikupuo mifupi. Ulipochomoka nilipiga kelele ya furaha.

Ndani kulikuwa na utando wa kijani uliochanganyika na mafuta ya zamani. Huo uliondoka kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi ndefu inayopinda. Maji yasiwe ya moto, kwa sababu yanaweza kubandua vanishi ya zamani. Uchafu ulipotoka, kwenye nyumba ya valvu, vile vibonyezo vya kubadilishia noti, zikajitokeza herufi mbili: LP. Nilizitazama kwa muda mrefu. Zamani bendi hazikuwa na kipimo kimoja cha sauti. Kulikuwa na kipimo cha juu, ambapo noti ya La ilifikia mitetemo kama 452 kwa sekunde, na kipimo cha chini, kinachokaribiana na 440 tunayoitumia leo na ambayo ilikubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa mjini London mwaka 1939. Ala nyingi za enzi hizo ziligongwa HP (high pitch, kipimo cha juu) au LP (low pitch, kipimo cha chini) ili mnunuzi ajue anachukua nini. Tarumbeta la HP linaweza kuwa zima kabisa na bado lisielewane na piano. Langu ni LP, basi litapiga na wenzake.

Kazi iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa ya valvu. Ni pistoni za mtindo ambao François Périnet aliubuni Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, na hadi leo tarumbeta nyingi zinaufuata. Kila pistoni ina matundu yanayopaswa kukutana sawasawa na midomo ya mirija. Kinachoamua kama yatakutana ni vipande vidogo vya feliti, yaani sufu iliyoshindiliwa, na vya gome la kizibo: kimoja huizuia pistoni inaposhuka, kingine inaporudi juu. Feliti zangu zilikuwa zimesagika na kuwa ngumu kama ngozi kavu. Nilimulika kwa tochi na kioo kidogo kupitia mrija wa valvu ya pili, nikaona ukingo wa tundu umejitokeza kama mwezi mwembamba. Hewa ilikuwa ikigonga ukingo huo kila noti ilipopigwa! Nikakata feliti mpya, nikajaribu, nikapunguza unene, nikatazama tena, mpaka ule mwezi ukapotea. Nilipopuliza, noti za katikati zilizokuwa zikikwaruza zilikuja wazi, tena kwa pumzi ndogo zaidi. Kipande cha feliti kisichozidi ukucha kimefanya ambalo dawa yoyote ya kung'arisha isingefanya.

Pistoni zenyewe bado zinabana vizuri. Nikivuta mrija wa valvu moja bila kuibonyeza, nasikia "po!" safi. Sauti hiyo ikikosekana, hewa inavuja, na hapo gharama hupanda.

Kung'arisha sitang'arisha. Najua wengi huanzia hapo, na picha za kabla na baada huvutia sana. Lakini kila unaposugua, unaondoa madini ambayo hayarudi. Nakshi zilizochorwa kwa mkono kwenye mdomo mpana wa tarumbeta hufifia, kingo kali za vifuniko huwa butu, na fedha iliyopakwa juu huisha na kuacha shaba wazi. Kwenye langu fedha imekwisha pale tu mkono wa kushoto unaposhika valvu. Vidole vyangu vinakaa palepale. Sioni sababu ya kufuta alama ya mpigaji aliyenitangulia, na weusi uliobaki nimeufuta kwa kitambaa laini basi.

Limebaki jambo moja zito. Kwenye mrija wa kwanza, ule unaopokea kipulizio, kuna doa la rangi ya waridi lenye nukta nyeusi katikati. Shaba ya ala ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na unyevu wa mate ukikaa ndani muda mrefu, zinki huliwa na kuacha madini yenye vinyweleo. Ubovu huo huanzia ndani, kwa hiyo doa linapoonekana nje limeshatoboa au limekaribia. Fundi anaweza kubadilisha mrija wote. Nimekataa, kwa sababu mrija huo hupanuka kidogokidogo kwa kipimo chake, na kipimo hicho ni sehemu kubwa ya sauti niliyoipenda. Nimeomba kiraka chembamba cha shaba, kilichokunjwa kufuata umbo la mrija na kushikizwa kwa lehemu laini. Kitaonekana, nacho kitakaa vilevile, bila rangi ya kukificha.