Pima spika kwanza, mbao baadaye: boksi la besi kwa spika za zamani

Spika za inchi 12 za miaka ya 1970 zikiokotwa Tanga, mara nyingi koni ni nzima ila ukingo wa sponji umegeuka unga. Sponji ile huoza kwa unyevu, na unyevu wa pwani hauna likizo. Fundi akishabandika ukingo mpya sauti inarudi, na mwenye spika anakimbilia kwa seremala kuagiza boksi "kama lile la dukani", dogo, lenye tundu na bomba. Besi huharibikia hapo.

Ukingo mpya hauna ulaini sawa na wa zamani, kwa hiyo hata ukiwa na karatasi ya kiwanda, tarakimu zake hazifai tena. Acha gundi ikauke siku nzima, cheza sauti ya 25 Hz kwa kiwango cha chini saa chache ukingo ulegee, ndipo upime. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) haiko katikati: bandua, anza upya, kwa sababu boksi haliponyi mkwaruzo.

Vifaa ni amplifaya, simu yenye programu ya kutoa toni, rizista ya omu 1,000, nyingine ya omu 10, na mita inayosoma milivolti za AC (mita za bei ya chini kabisa huanzia volti 200, hazifai). Unganisha rizista ya 1,000 kwa mfululizo na ile ya 10, pandisha sauti mpaka mita isome milivolti 10 kwenye ile ya 10. Toa rizista ya 10, weka spika mahali pake. Sasa kila milivolti ni omu moja. Spika ining'inie hewani, isilale mezani. Panda taratibu kutoka 20 Hz. Usomaji utapanda, ufike kilele, ushuke. Masafa ya kilele hicho ndiyo Fs, yaani masafa ya asili ya spika.

Tuseme kilele kiko 40 Hz, omu 54, na ukinzani wa koili kwa DC ni omu 6. 54 gawa kwa 6 ni 9. Kipeuo chake cha pili ni 3. Zidisha 6 kwa 3 upate 18, kisha tafuta pande mbili za kilele ambapo mita inasoma 18: mathalani 30.4 na 52.6 Hz. Tofauti ni 22.2. Qts, namba inayoonyesha spika inavyozuia mtetemo wake yenyewe, ni 40 kugawa kwa (22.2 × 3), yaani 0.6.

Inabaki Vas, yaani ujazo wa hewa wenye unyumbufu sawa na wa ukingo wa spika. Funga spika kwenye boksi lolote lisilovuja lenye lita 50. Kilele kikihamia 74 Hz, gawa 74 kwa 40, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, zidisha kwa 50. Unapata lita 120 hivi.

Qts ya 0.6 haitaki bomba. Bomba linafaa spika za 0.3 hadi 0.4, hapa litaleta mvumo, na chini ya masafa ya bomba koni itapepea bila kizuizi. Boksi lililozibwa pia huzuia hewa ya chumvi isifike nyuma ya koni. Lenga Q ya spika ikiwa ndani ya boksi iwe 0.9: gawa kwa 0.6 upate 1.5, kipeo chake cha pili 2.25, toa 1, gawa 120 kwa 1.25. Lita 96. Ukilazimisha lita 50, Q hiyo inafika 1.1 na gitaa la besi kwenye rekodi za Atomic Jazz, bendi ya Tanga, linakuwa noti moja inayogonga.

Ndani weka sentimita 60 × 40 × 42, yaani lita 100 na ushei, kufidia nafasi inayoliwa na spika na kiunzi (mti wa kukaza boksi kwa ndani). Plaiwudi ya milimita 18, si MDF (ubao wa unga wa mbao), inayovimba ikinywa unyevu. Mbele na nyuma 63.6 × 43.6, juu na chini 43.6 × 42. Ubavu 60 × 42. Kwa boksi mbili hesabu ya eneo inaingia kwenye shiti moja ya futi 4 kwa 8, ila vipande havipangiki, kwa hiyo ongeza nusu shiti. Mtiki wa shamba la miti la Longuza, Muheza, ni mzuri kwa kupamba kingo, lakini usijenge boksi zima kwa mbao nzima: hutanuka na kusinyaa kwa msimu, maungio yakaachia.

Kiunzi kiunganishe ubavu na ubavu, kisikae katikati kabisa. Gundi ya mbao kila ungio, skrubu kila sentimita 10, silikoni kwenye kona za ndani. Silikoni inayonuka siki ikauke kabisa kabla ya kufunga spika, mvuke wake hula shaba. Jaza pamba ya polista ya mito, gramu 800 hivi. Sufi ipo tele lakini hushikana mabonge na hupeperuka hadi kwenye koili.

Spika iliyokaa miaka kwenye kabati geuza nusu mzunguko unapoifunga, koni iliyolegea upande mmoja ivutike upande wa pili. Gusisha betri ya volti 1.5: koni ikitoka nje, waya uliogusa chanya ndio chanya. Kisha sukuma koni kwa vidole viwili pande zote mbili sawia, iachie. Ikirudi taratibu, boksi halivuji. Ikiruka papo hapo, anza kutafuta kwenye tundu la waya.