Niasinamidi na ngozi zetu za Moshi
Wadogo zangu hapa Moshi huniuliza mara kwa mara kama niasinamidi inachubua, nami huwajibu bila kusita kwamba haichubui. Ni aina ya vitamini B3 inayoyeyuka katika maji. Haizuii seli kutengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, bali hupunguza usafirishaji wa chembe za rangi kwenda kwenye seli za juu za ngozi, na ndiyo maana madoa yanayobaki baada ya chunusi hufifia polepole, kwa wiki kadhaa, huku rangi ya asili ikibaki. Vilevile huichochea ngozi kutengeneza seramidi, yaani mafuta yanayozuia maji yasipotee, jambo ninalolithamini hasa Juni na Julai, baridi inapokausha mashavu. Krimu au seramu yenye niasinamidi asilimia 2 hadi 5 inatosha. Sioni sababu ya kulipia zaidi chupa ya asilimia 10, ambayo huwawasha baadhi ya watu. Kinachonisikitisha ni kuona krimu za kuchubua zenye zebaki au kemikali ya haidrokwinoni, zilizopigwa marufuku nchini, zikiendelea kununuliwa kwa siri, ilhali zebaki hudhuru figo. Anayetumia niasinamidi apake pia losheni ya kukinga jua kila asubuhi, kwa kuwa miale ya jua huyakoleza madoa hata siku ya mawingu.